Kamusi Kubwa Kuliko Zote Dukani

Mke wa Kilo alipoingia nyumbani jioni hiyo hakuvua hata viatu. Alisimama pale mlangoni, mkoba begani, akasema, "Nimeitwa."

"Umeitwa na nani?" Kilo aliuliza. Alikuwa amekaa kwenye kochi, miguu yake iko ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, maana mwenye bucha hushinda amesimama kutwa nzima.

"Kwenye mtihani. Matroni amekuja mwenyewe kule hospitalini tunakofulia, akaniambia jina langu limo."

Kilo akaitoa miguu majini, akaja kumshika mkewe mabega na kulowesha sakafu yote. Alifurahi kweli, na hilo asinyimwe. Mkewe alikuwa amefua mashuka ya hospitali ile tangu mtoto wao wa kwanza hajaota meno. Kila mwaka wafanyakazi wachache huchukuliwa kusomea uuguzi msaidizi, na kila mwaka yeye alirudi kwenye mapipa yake ya sabuni akiwaangalia wenzake wakibadilisha sare. Mwaka huu ndio ulikuwa wake wa mwisho. Kozi ile ina umri, ukishapita hawakupokei, na yeye mwakani angekuwa ameshapita. Hilo walilijua wote wawili, hata walikuwa wameacha kulisema.

"Mtihani ni wa Kiingereza," mkewe alisema baada ya kukaa. "Vitabu vyao vyote ni vya Kiingereza. Na kila mtu anatakiwa aje na kamusi yake."

"Wanaruhusu kamusi?"

"Wanalazimisha. Matroni anasema hataki mtu aliyekariri. Anataka mtu ambaye neno likimshinda anajua pa kulitafuta, asije akampa mgonjwa dawa kwa kubahatisha."

"Basi kamusi nanunua mimi."

"Twende wote. Jumamosi natoka mapema. Nataka nizishike mwenyewe, nione ipi naielewa."

"Wewe unawajua wale wa mjini? Watakuuzia makaratasi. Mimi nanunua ng'ombe mzima kwa macho tu na sikosei, sembuse kitabu."

"Ng'ombe si kitabu, baba watoto."

"Niachie mimi bwana. Nataka iwe zawadi. Au siruhusiwi kumletea mke wangu zawadi?"

Neno zawadi lina ujanja wake: likishatamkwa, anayepewa hana tena ruhusa ya kuchagua. Mkewe akainuka, akavua viatu, akachukua kitambaa na kupangusa yale maji sakafuni.

Jina la Kilo alipewa na wateja. Alikuwa na kipaji cha kunyanyua pande la nyama kwa mkono, akalipimapima hewani na kutaja uzito wake kabla halijafika kwenye mizani, na mizani ikamuunga mkono. Watu walikuja kununua nyama na kutazama mchezo huo hapohapo. Kipaji hicho ndicho kilichomlisha yeye na familia yake, na ndicho alichokwenda nacho duka la vitabu.

Siku ya kwenda kununua alifunga bucha mapema. Akaoga, akajisugua vidole kwa limau, akavaa shati lake la harusini. Lakini harufu ya bucha haiondoki kwa kuoga mara moja, na alipoingia dukani, kwenye ule ukimya na feni inayozunguka taratibu, aliisikia mwenyewe ikimfuata nyuma. Akabana mikono ubavuni.

"Karibu, baba," alisema dada wa dukani, msichana mwenye miwani aliyoining'iniza shingoni kwa kamba.

"Nataka kamusi. Ya Kiingereza."

"Zipo nyingi. Ngoja nikuonyeshe." Akaweka moja juu ya kaunta, ndogo ya kuingia kwenye mkoba. "Hii ni Kiingereza kwa Kiswahili. Neno liko hapa, maana yake kwa Kiswahili iko hapa. Hii ya pili ni ya wanafunzi. Kiingereza kitupu, lakini maelezo yake yamerahisishwa, na picha zimo." Kisha akainama chini ya rafu, akaibuka na ya tatu ameikumbatia kwa mikono miwili. "Na hii ndiyo kamusi kamili. Kubwa kuliko zote tulizonazo. Maneno yote unayoyajua na usiyoyajua yamo, hata yale ya zamani ambayo siku hizi hakuna anayeyasema. Sasa inategemea mtumiaji. Ni ya nani?"

"Ya nyumbani."

"Nyumbani ataitumia nani hasa?"

"Mke wangu."

"Amesoma mpaka wapi?"

Swali lilikuwa la kawaida kabisa. Yule dada alikuwa analiuliza kutwa, kama Kilo anavyouliza mteja wake kama nyama ni ya kukaanga au ya mchuzi. Jibu lake lilikuwa darasa la saba. Lakini nyuma ya Kilo alikuwa amesimama bwana mmoja mwenye tai, ameshika gazeti la Kiingereza, na kando yake mama mmoja anachagua kalamu, na Kilo akahisi wote wawili wametega masikio. Akaisikia tena ile harufu ya bucha. Mtu anayenuka mafuta ya ng'ombe, ana mke wa darasa la saba, anakuja kuuliza kamusi ya Kiingereza. Ndivyo alivyojiona, ingawa hakuna aliyekuwa akimtazama.

"Mke wangu?" alisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Mke wangu Kiingereza anakimwaga kama maji."

Hapo ndipo alipoharibu. Mambo mengine yote yaliyofuata yalikuwa ni kulipa gharama ya maneno hayo.

Dada wa dukani akaamini, kwa nini asiamini. Akaisogeza pembeni ile ndogo. "Basi hii haimfai hata kidogo, ataona unamtania. Mtu anayejua lugha anataka hii kubwa."

Kilo akainyanyua ile ndogo kwa vidole viwili. Nyepesi kama pafu. Akainyanyua ile kubwa, akaipimapima hewani, na mkono wake ukaridhika. Bei yake ilikuwa bei ya paja zima, tena la ng'ombe aliyenona, na akailipa bila kuomba kupunguziwa kwa sababu yule bwana mwenye tai alikuwa bado yuko nyuma. Alipokuwa anatoka aliona dada anairudisha ile ndogo kwenye rafu. Hakuiwazia tena.

Mkewe aliifungua mezani, watoto wamemzunguka. Akafuta mikono kwanza kwa gauni lake. Akafunua ukurasa wa katikati, akapitisha kidole, akafunua mwingine. Kilo alikuwa amesimama nyuma yake, anangoja.

"Mbona haina Kiswahili?"

"Hii ni kamili. Ile yenye Kiswahili ni ya watoto."

"Waliniambia nzuri ni ile inayotafsiri."

"Nani amekuambia? Hawa unaofua nao? Hii ni ya watu waliosoma, mama watoto. Utaizoea."

Mkewe akaitazama kidogo. "Kubwa kweli," alisema. "Asante."

Kilo alisikia asante tu.

Tangu hapo, kila jioni akishaosha vyombo, mkewe alikaa mezani na kamusi yake. Alikuwa anatafuta maneno aliyoyaona yameandikwa kwenye milango ya wodi na kwenye chupa za dawa. Akilipata neno, maelezo yake yalikuwa mistari sita ya maandishi kama mchanga, na ndani ya mistari hiyo mna maneno mengine manne asiyoyajua. Akienda kulitafuta la kwanza katika hayo manne, nalo lilimpeleka kwingine. Alikuwa kama mtu anayeuliza njia akaelekezwa kwa mtu mwingine, na huyo naye akamwelekeza kwa mwingine, mpaka giza likamkuta barabarani. Kilo kutoka kwenye kochi aliona kurasa zinafunuliwa mbele na nyuma, mbele na nyuma, akajisemea moyoni kwamba huyu mwanamke ana bidii jamani.

Na angalau angeachiwa hizo jioni. Kilo hakuweza kukaa na kitu kama kile nyumbani akanyamaza. Buchani alikitangaza kwa kila aliyekuja kununua hata utumbo. Fundi cherehani wa jirani, ambaye watu walimwita Profesa kwa sababu husoma magazeti anayofungia nguo za wateja, akaja kuiona. Akaja na mwenzake. Kesho yake wakaja wengine.

"Haya, tajeni neno lolote," Kilo alisema, kamusi imelala mapajani mwake. "Lolote mlijualo. Likikosekana, nyama ya wiki nzima bure."

Profesa akataja. Likatafutwa kwa kelele nyingi, likaonekana, watu wakaguna kwa heshima. Mke wa Kilo akaleta chai. Akarudi jikoni akaosha vikombe, akarudi tena, wageni bado wapo na maneno ya kutaja hayajawaishia. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, penseli mkononi, akisubiri. Mmoja wa wageni akamwambia, "Mama, una bahati. Kitu hiki hata ofisini kwetu hakipo." Akatabasamu, akasema ni kweli. Walipoondoka alikuwa ameshalala na nguo zake, na kamusi iko mezani, pembeni mwa jalada ina alama ya kidole gumba chenye mafuta. Kilo aliiona ile alama. Akaifuta kwa mkono wa shati, ikazidi kusambaa.

Aliyesema ukweli alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, msusi mwenye mdomo usiokuwa na breki. Alikuja Jumapili, akamkuta dada yake mezani, akaivuta ile kamusi na kuipekua. Kisha akamfuata Kilo uani.

"Shemeji, hivi ile kamusi umemnunulia dada au umejinunulia wewe?"

"Umeanza."

"Sijaanza, nauliza. Nimemuuliza maana ya neno moja, ametafuta mpaka nimemaliza chai yangu. Ameniambia usimwambie shemeji, atajisikia vibaya."

"Kiingereza ndivyo kilivyo. Kinataka uvumilivu."

"Kuna binti wa mteja wangu anayo ile ndogo ya Kiswahili. Amemaliza shule, haina kazi. Niende nikamwazimie?"

Hapa Kilo alipata nafasi ya pili, na ilikuja bure, imeletwa mpaka uani kwake. Hebu ona alivyoitumia.

"Sikiliza, shemeji. Watu wanatoka mitaa mingine kuja kuiona kamusi ya nyumba hii. Halafu mke wangu aonekane anazunguka kuomba kakitabu ka watoto? Watu watasema nini?"

"Watu ndio wanafanya mtihani?"

"Nimesema hapana. Usimtie dada yako unyonge."

Shemeji akamtazama kuanzia miguuni hadi usoni, akasonya. "Haya bwana, mwenye nyumba," alisema, akaingia ndani kumsuka dada yake. Huko ndani hawakuzungumza kwa sauti, na Kilo hakupenda ule unyamavu, lakini hakwenda kuuvunja.

Siku ya mtihani Kilo aligoma kufungua bucha. Alisema lazima amsindikize mkewe. Kamusi aliibeba yeye, juu ya bega, kwa mazoea, kama anavyobeba paja kutoka kwenye gari la nyama. Mlinzi wa getini akamuuliza amebeba nini.

"Kamusi ya mke wangu. Anafanya mtihani wa unesi."

"Yote hiyo?"

"Yote hiyo," alisema Kilo, na mkewe aliyekuwa kando yake akatazama chini.

Ukumbi ulikuwa umepangwa viti vile vyenye kibao cha kuandikia upande wa mkono wa kulia, kibao cha kutosha karatasi na kiwiko, basi. Kilo akampokeza mkewe mzigo wake mlangoni, akaenda kusimama barazani, karibu na dirisha lililokuwa wazi. Matroni, mama mnene mwenye sauti ya upole, alikuwa anapita katikati ya viti kugawa karatasi. Alipofika kwa mke wa Kilo akasimama.

"Mama, hii tutaiweka wapi?"

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, ila walicheka. Mkewe akacheka nao, akaijaribu kwenye kibao ikaanguka kwa kishindo, akaiokota, na mwishowe akailaza sakafuni kando ya mguu wake. Kilo barazani akajikohoza.

Ndipo mtihani ukaanza, na Kilo akaona alichokuwa hajakiona jioni zote zile akiwa kwenye kochi. Mkewe alisoma, akafika kwenye neno, akasimama. Akainama mpaka sakafuni, akafunua, akafunua tena, akasoma pale pale ameinama, midomo inamchezacheza. Akainuka bila kuandika. Akainama tena. Mbele yake alikaa msichana mmoja mwenye kamusi iliyochakaa, imefungwa kwa mpira wa kufungia pesa, jalada halipo. Msichana yule akifika kwenye neno alipitisha kidole, akatazama, akaandika. Akapitisha kidole, akaandika. Ilikuwa ile ile ndogo, nyepesi kama pafu. Kilo akatazama kiti cha pili, na cha tatu, na safu yote ile. Karibu wote walikuwa nayo.

Yeye buchani kwake ana shoka na ana kisu kidogo cha kuchambulia, na hajawahi hata siku moja kuchambua nyama ya shingo kwa shoka. Hilo lilimjia akiwa ameshika nondo za dirisha, na lilikuwa limechelewa. Alitamani mkewe ainue macho amwone, kisha akaogopa asije akayainua kweli. Akasogea pembeni, akakaa kwenye ngazi mpaka kengele ikalia.

Mkewe alitoka katikati ya kundi, jasho limemlowesha mgongoni.

"Imekuwaje?"

"Muda umenikimbia."

"Kamusi imekusaidia?"

Mkewe akamtazama usoni. "Imenisaidia," alisema.

Kilo aliichukua kutoka mikononi mwake. Safari hii aliibeba kwapani, akaifunika na koti lake, na njia nzima hawakuzungumza ila habari za watoto.

Matokeo alikuja nayo mkewe mwenyewe, jioni, kwa sauti ya kawaida, huku anachambua mboga.

"Sikupita."

Kilo akaacha alichokuwa anafanya. "Umekosa kwa kiasi gani?"

"Matroni ameniita pembeni. Anasema yale niliyojibu nimeyapata yote. Lakini nilijibu nusu tu. Ile nusu nyingine sikuifikia." Akatupa majani yaliyooza. "Amesikitika sana, yule mama. Ameniuliza, kwani hukuwa na mtu wa kukushauri kamusi?"

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia sikuwa naye."

Kilo akataka kukaa, akaona afadhali asimame. "Na mwakani hawawezi kukufikiria? Matroni si anakufahamu?"

"Mwakani nitakuwa nimepita umri. Unajua, baba watoto. Usiniulize kitu unachokijua."

Watoto wakaja kuulizia chakula, wakapewa. Baada ya kula Kilo akasema ile kamusi afadhali irudishwe dukani, angalau pesa irudi. Yeye ataipeleka. Mkewe akasema hapana, ataipeleka mwenyewe. Alilisema hilo kwa namna ambayo Kilo hakuthubutu kuongeza neno.

Jumamosi alikwenda. Akarudi mchana jua likiwa kali, kamusi bado anayo, ameibeba kichwani. Akaitua mezani, akamwomba mtoto maji, akanywa yote.

"Wamekataa," alisema. "Ina doa la mafuta kwenye jalada."

"Nitakwenda niongee nao mimi."

"Usiende." Akaweka kikombe. "Yule dada anakukumbuka vizuri. Nilipomwambia mume wangu ndiye aliyeinunua, mwenye bucha, akachangamka. Akasema, kumbe wewe ndiye yule mama anayemwaga Kiingereza kama maji. Akaanza kunisemesha Kiingereza palepale. Kaunta imejaa watu."

Kilo alihisi masikio yanamwaka moto. "Ukafanyaje?"

"Nilicheka. Nikamwambia siku hizi nimekisahau kidogo, kazi nyingi. Nilicheka ili wewe usionekane mwongo."

Nje kulikuwa na mtu anapita anauza ndoo, anapiga kelele za bei. Wakamngoja apite.

"Aliniuliza umesoma mpaka wapi," Kilo alisema hatimaye. "Kulikuwa na watu. Sikujua..."

"Ulikuwa unajua. Darasa la saba. Hukusahau."

"Sikusahau."

"Ulipokuja kwetu kunichumbia, baba yangu alikuambia mwenyewe, huyu binti yangu kaishia la saba, pesa zilikosekana. Ukasema wewe hutafuti karani, unatafuta mke. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nikasikia. Nikasema moyoni, kwa huyu nakwenda." Sauti yake haikupanda hata kidogo. Afadhali ingepanda. "Miaka yote mimi sikujua kwamba ni jambo la aibu. Wangeniambia wengine ningewajibu. Ila sasa wewe."

"Nisamehe, mama watoto."

"Nimeshakusamehe. Sina pa kukupeleka." Akainuka, akaenda kuanua nguo za watoto zilizokuwa zimekauka, akazikunja moja moja, na hakukuwa na ugomvi wowote, wala siku ile wala baadaye. Alimtengea chakula kama kawaida. Alimwuliza kama bucha ilikuwa na wateja. Kitu kimoja tu kilibadilika: hakumwambia tena mambo ya hospitalini. Alikuwa anarudi, anavua viatu, anaingia jikoni.

Wiki iliyofuata Profesa alikuja kununua nyama, wateja wamepanga foleni mpaka nje.

"Vipi, Kilo? Nesi wetu anaanza lini? Tuje tuchomwe sindano bure."

Watu wakacheka. Kilo alikuwa ameshika pande la mbavu, analipimapima hewani.

"Hakupita," alisema.

"Hakupita? Na kamusi yote ile?"

"Kamusi ndiyo iliyomkwamisha. Mimi ndiye niliyeichagua." Akaliweka lile pande juu ya gogo. "Dukani waliniuliza mke wangu amesoma mpaka wapi. Nikaona haya kusema darasa la saba. Nikasema anakijua Kiingereza, wakanipa ya watu wanaojua Kiingereza. Basi. Ndivyo ilivyokuwa."

Bibi mmoja aliyekuwa mbele kabisa, kikapu mkononi, akasema, "Darasa la saba mbona zuri tu, mwanangu. Mimi hata la tatu sikufika." Na mwingine nyuma akasema ndiyo, na wao kwao ni hivyohivyo, na mwingine akaomba apimiwe nusu ya mchuzi, asichanganyiwe mifupa.

Ilikuwa rahisi namna hiyo. Ilitoka mdomoni mbele ya watu wote wale na hakuna aliyecheka, hakuna hata aliyegeuza shingo kumtazama mara mbili, wakaendelea kuagiza nyama yao. Kilo alibaki ameshika kisu, analifikiria jambo hilo. Mkewe saa ile alikuwa upande wa pili wa mji, mikono imezama kwenye sabuni mpaka viwikoni, anafua mashuka ya wodi wanayofanyia kazi wale waliopita.

Kilo akampimia yule mtu nusu yake, akamfungia, akaita anayefuata.